Mkono wa kijana unakufa ganzi na misuli inacheza: mama, anza kwa kuangalia vidole

Kijana wako ana miaka 22. Kiangazi anaendesha bodaboda Tabora mjini, na mvua zikianza anarudi Urambo kusaidia shamba la tumbaku la baba yake mdogo. Jioni moja amekaa kwenye mkeka anakunja na kukunjua kiganja, kisha anakung'uta mkono kama mtu aliyeshika maji. Unamuuliza kulikoni. "Mama, mkono huu unakufa ganzi. Na hapa," anaonyesha nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, "panacheza penyewe." Unaangalia, na kweli ngozi inarukaruka kana kwamba kuna mdudu chini yake.

Usiku huo hulali. Unawaza kiharusi, kwa sababu unamjua mtu aliyepooza upande mmoja. Unawaza kifafa. Jirani anasema ametupiwa kitu, kwa nini mkono wa kulia, tena mkono wa kazi? Shangazi yake anasema ni upungufu wa damu. Naye kijana, usiku huohuo, anaandika dalili zake kwenye simu na kukutana na jina la ugonjwa unaolemaza mtu polepole mpaka ashindwe kupumua. Asubuhi nyote wawili mna macho mekundu na hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Makala hii ni ya asubuhi hiyo. Ganzi na misuli kucheza si ugonjwa. Ni taarifa kwamba mshipa wa fahamu, yaani neva, au msuli wenyewe, umeguswa na kitu. Mara nyingi kitu hicho ni kidogo. Mara chache ni kikubwa, na kwa huku kwetu Tabora vipo viwili ambavyo kila mama angepaswa kuvijua: sumu ya shambani, ambayo haisubiri hata saa moja, na ukoma, ambao husubiri miezi kimyakimya huku ukila mkono. Vyote viwili vina tiba. Ndiyo maana kuchelewa kunauma.

Kwanza, yale yasiyosubiri kesho

Ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda, maneno yakavurugika au mkono ukashindwa kuinuka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Usiseme "bado kijana". Vijana hupata kiharusi, hasa mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo. Usimpe chakula wala kidonge. Tafuta usafiri.

Mkono ukianza kutikisika kwa mpigo, tik-tik-tik, mtetemo ukapanda kwenye bega au uso, akapotewa na fahamu au akabaki amechoka bila kuelewa, hiyo inaweza kuwa degedege ya mtu mzima. Kifafa huweza kuanza hivyo, kwa mkono mmoja tu. Mlaze kiubavu, usimtie kijiko mdomoni, na umpeleke. Maeneo yanayofuga nguruwe kwa kuwaachia huru, mabuu ya tegu wa nguruwe yakiingia kwenye ubongo ni mojawapo ya sababu za kifafa kinachoanza ukubwani, kwa hiyo mwambie mhudumu kama kwenu au kwa jirani wapo.

Ganzi ikianzia miguuni ikapanda siku hadi siku, miguu ikalegea, kisha mikono, huo nao ni mwendo wa hospitali siku hiyohiyo, kabla haijafika kwenye misuli ya kupumua.

Na kama misuli inacheza kwa mtu aliyetoka kupulizia dawa shambani, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya sumu hapa chini. Hayo mengine utayasoma baadaye.

"Baba, ni vidole vipi?"

Kama hakuna dalili hizo, mkalishe. Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na halihitaji mashine: ni vidole vipi hasa? Vijana wengi hujibu "mkono wote" kwa sababu hawajachunguza. Mwambie afumbe macho, kisha wewe gusa ncha ya kila kidole, polepole, kwa kifuniko cha kalamu. Aseme "ndiyo" kila anapohisi, na aseme kama anahisi sawa na mkono wa pili.

Mkono una neva tatu kubwa na kila moja ina eneo lake, kama mabalozi wa nyumba kumi. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete vina neva moja, inayopita katikati ya kifundo cha mkono kwenye njia nyembamba. Njia hiyo ikibana, ganzi huja zaidi usiku, mtu anaamka, anakung'uta mkono na kupata nafuu. Hupata sana wajawazito, wanaokamua na kufua kwa wingi, wanaoshika jembe siku nzima. Huenda wewe mwenyewe umewahi kuipata ukadhani ni uchovu.

Kidole cha mwisho na nusu nyingine ya kidole cha pete ni neva ya pili. Hii hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ukijigonga mkono unapigwa kama shoti ya umeme. Dereva wa bodaboda anayeegemea usukani kwa kiganja barabara ya vumbi kutwa nzima huibana kwenye kiganja. Anayelala amekunja kiwiko au anayeshika simu sikioni kwa muda mrefu huibana kwenye kiwiko. Lakini neva hiihii, mahali hapohapo pa kiwiko, ndiyo ambayo ukoma hupenda kuishika. Kwa hiyo ganzi ya kidole cha mwisho usiipuuze hata kama sababu ya kazi inaonekana wazi.

Ganzi ya nyuma ya mkono, upande wa gumba, na kiganja kinachoning'inia bila kuweza kunyanyuka ni neva ya tatu. Hutokea kwa mtu aliyelala fofofo mkono ukiwa umening'inia kwenye kiti, mara nyingi baada ya pombe. Hutisha sana asubuhi, na kwa kawaida hupona wenyewe kwa wiki kadhaa, ila aonekane na mhudumu.

Ganzi ya mikono yote miwili pamoja na nyayo, kama amevaa soksi na glavu asizozivaa, haitokani na kubanwa. Hapo fikiria kitu kinachozunguka na damu: kisukari, pombe ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, Virusi vya UKIMWI, au dawa anazotumia. Kijana anayemeza dawa za kifua kikuu na kuanza kuhisi nyayo zinawaka moto asiziache dawa. Mojawapo ya dawa hizo, isoniazidi, humaliza vitamini B6 mwilini, na kliniki inayo vidonge vya vitamini hiyo vya kuongeza. Aende akaseme tu.

Kuna ganzi moja zaidi. Kijana ana wasiwasi mkubwa, amepata habari mbaya au amegombana, anapumua haraka haraka, kisha vidole vya mikono yote na midomo vinafanya sindano sindano, na mikono inakakamaa vidole vikijikusanya kama ncha ya mkuki. Ukimwona utadhani amepagawa. Ni pumzi: akipumua kwa kasi kuliko mahitaji, hali ya damu hubadilika na neva huchachamaa. Kaa naye chini, shika bega lake, pumueni pamoja polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ikipita ndani ya dakika chache umejifunza kitu. Ikijirudia, apimwe pia madini ya chokaa kwenye damu, kwa sababu upungufu wake hufanana sana na hali hiyo.

Frasila mbili, na bomba la mgongoni

Tabora imejengwa na mabega. Zamani za misafara, Wanyamwezi walibeba pembe, vitambaa na shanga kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Siku hizi watalii huja Kwihara kuona tembe la Livingstone na kupiga picha, lakini mizigo haijaisha barabarani. Kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Binti anabeba ndoo ya lita 20 kichwani mara nne kwa siku. Na mkulima wa tumbaku anavaa bomba la kupulizia dawa: lita 16 za maji ni kilo 16, yaani frasila moja ya zamani, inayoning'inia kwa mikanda miwili myembamba.

Neva zote za mkono hutoka shingoni, hupita chini ya mtulinga na kushuka kwapani. Mkanda mwembamba wenye mzigo mzito huzikandamiza hapo, na mtu anashangaa bega halimuumi sana ila vidole vimekufa. Mzigo wa kichwani nao hukandamiza pingili za shingo. Dalili inayosaidia: ganzi inakuja au kuongezeka akigeuza shingo, au akiwa na mzigo, na kupungua akipumzika siku mbili tatu. Mpe mapumziko ya kweli, zungushia mikanda kitambaa kinene, gawa mzigo. Ikizidi wiki mbili au tatu bila nafuu, au nguvu zikipungua, asiendelee kujikaza.

Misuli inayocheza baada ya kupulizia dawa

Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ujikunje, humtumia kemikali kama mjumbe. Mjumbe akishafikisha ujumbe, mwili humfagia mara moja ili msuli utulie. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu zinazotumika kwenye tumbaku, pamba na mbogamboga humzuia huyo mfagiaji. Wajumbe wanajaa, misuli inaendelea kupokea amri bila kukoma, na ndiyo maana inachezacheza kila mahali: kope, mashavu, mapaja, vifuani.

Lakini haichezi peke yake. Angalia maji. Mate yanamtoka, machozi, makamasi, jasho jingi, anatapika, anaharisha, anaweza kujikojolea. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anaona ukungu, kifua kinakoroma. Misuli kucheza pamoja na maji hayo kwa mtu aliyekuwa shambani ni sumu mpaka ithibitike vinginevyo. Hospitali ina dawa ya kupambana nayo, atropini, inayotolewa kwa sindano, nayo haifai kusubiri.

Kabla gari halijafika, mtoe eneo la dawa. Mvue nguo zote, aibu baadaye. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nywele na kucha pia, na wewe funika mikono yako kwa mifuko ya plastiki kwa sababu sumu hupenya kwenye ngozi yako vilevile. Usimtapishe. Usimpe maziwa, hata kama kila mtu anapiga kelele ya maziwa. Mlaze kiubavu. Chukua chupa ya dawa ndani ya mfuko, uende nayo: mganga akisoma jina la kiambato atajua anatibu nini.

Akipata nafuu msimtoroshe wodini. Sumu hizi huweza kurudi kwa mlango mwingine siku moja hadi nne baadaye, shingo ikalegea na kupumua kukawa kugumu. Na baadhi yake huacha ganzi na udhaifu wa miguu na mikono unaoanza wiki moja hadi tatu baada ya tukio, wakati kila mtu ameshasahau. Ukimpeleka kijana kwa ganzi, taja hata ajali ya dawa iliyotokea mwezi uliopita.

Tazama pia mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina mstari wowote, na hapo ndipo ajali nyingi huanzia.

Jani la tumbaku bichi lenyewe lina jambo lake. Asubuhi likiwa na umande au baada ya mvua, nikotini huyeyuka kwenye maji hayo na kupita kwenye ngozi ya mchumaji. Jioni anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anatapika, na akizidiwa mikono inatetemeka. Wengi hudhani ni malaria. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Anawe kwa sabuni, abadili nguo zilizolowa, anywe maji, na siku nyingine achume majani yakikauka, akiwa na mikono mirefu. Mtoto na mjamzito wasichume kabisa.

Ukoma bado upo, na unaanza na mkono usiouma

Najua neno hili linavyoanguka ndani ya nyumba. Wazee wa huku wanakumbuka makazi ya wagonjwa wa ukoma kwenye misheni ya Wamoravian kule Sikonge, na jinsi mtu alivyokwenda huko akaagwa kama aliyekufa. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya vijana wafiche mikono yao leo, na mikono inayofichwa ndiyo inayokatika.

Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka, cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Hiyo haikumaanisha ukoma umeisha. Kila mwaka wagonjwa wapya wanaendelea kupatikana nchini. Vimelea vyake huzaana polepole mno, dalili huweza kuchukua miaka mitano kutokea na wakati mwingine hata ishirini. Kwa hiyo "hatujawahi kuwa na mgonjwa nyumbani" si jibu. Huenda alikuwa mpangaji mwenza kijana wako akiwa darasa la nne.

Ukoma kwa kawaida haufanyi misuli icheze. Huifanya ikonde. Na ganzi yake haiji na kuondoka kama ile ya usukani, bali inakaa. Sikiliza mambo ya kawaida: anashika sufuria ya moto bila kushtuka. Ana lengelenge kiganjani na hajui lilitoka wapi, hasa kama anachochea kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Anafunga kifungo cha shati kwa kuangalia, siyo kwa kupapasa. Viatu vya kandambili vinamtoka mguuni hajui.

Mwombe ashike karatasi kati ya kidole cha pete na cha mwisho, vidole vikiwa vimenyooka, nawe uivute. Linganisha na mkono wa pili. Mwambie asukume kidole cha mwisho nje na gumba juu dhidi ya kidole chako. Angalia nyama kati ya gumba na shahada: imejaa, au imebonyea kama shimo? Papasa kwa upole nyuma ya kiwiko upande wa ndani: je, kuna kamba nene, inayouma, kuliko upande wa pili?

Kisha ngozi. Unatafuta baka lililofifia rangi, au jekundu kidogo kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde, lisilowasha, lisilotoa jasho, ambalo ukiligusa kwa unyoya wa kuku au pamba halihisi. Mba huwasha na huhisi. Baka la ukoma limenyamaza. Linaweza kuwa mgongoni au makalioni, na kijana wa miaka 22 hatavua nguo mbele ya mama yake, wala usimlazimishe. Mwombe kaka yake au baba yake mdogo, au mkewe kama ameoa, wamtazame mchana kwenye mwanga.

Ukiona baka lenye ganzi, au kamba nene kwenye kiwiko pamoja na ganzi, nenda zahanati na useme wazi: "Nataka apimwe ukoma." Useme hivyo kwa sababu wahudumu vijana wengine hawajawahi kuona mgonjwa hata mmoja. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, chini ya mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1977. Zahanati ikisita, omba uelekezwe kwake. Upimaji wenyewe ni wa macho, vidole na pamba, na wakati mwingine sampuli ndogo ya ngozi.

Dawa ni mseto wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, vidonge vilivyopangwa kwenye kadi ya mwezi. Ni miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na 12 kwa mwenye mengi. Hailipiwi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa bure duniani kote tangu 1995. Mkojo utakuwa mwekundu kidogo siku ya dozi kubwa ya mwezi, na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Mweleze mapema, maana vijana huacha dawa kwa ajili ya rangi kuliko kwa ajili ya uchungu. Akishaanza dawa haambukizi tena. Hata kabla ya hapo, ukoma hausambazwi kwa kupeana mkono wala kula sinia moja. Huenea kwa hewa ya puani na mdomoni kwa watu wanaoishi karibu kwa muda mrefu, na watu walio wengi wana kinga ya asili.

Sasa lililo la haraka. Vidonge hivyo huua vimelea, lakini neva iliyokwisha kufa hairudi. Ganzi au udhaifu ulioanza ndani ya miezi 6 iliyopita bado unaweza kurudishwa, mara nyingi kwa kuongezewa prednisoloni chini ya uangalizi wa mganga. Baada ya hapo nafasi hupungua sana. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kuzunguka kwa waganga wa kienyeji na sindano za vitamini za duka la dawa ni mwezi unaotolewa kwenye hiyo sita. Na wakati wa tiba, neva ikianza kuuma, mabaka yakavimba au ganzi ikaongezeka ghafla, siyo kwamba dawa imemkataa. Mwili unapambana na vimelea waliokufa. Asiache dawa, arudi kliniki siku hiyo.

Na kama misuli inacheza tu?

Turudi kwenye ile nyama iliyokuwa ikirukaruka. Jicho likicheza tunasema kuna mgeni njiani au kuna kilio, na hakuna anayekimbilia hospitali. Msuli wa mkono unaocheza mara nyingi ni ndugu wa jicho hilo. Huja kwa kukosa usingizi, kazi nzito, kahawa nyingi, vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva wa usiku hunywa chupa tatu, mirungi, na wasiwasi. Wasiwasi hasa: kadiri anavyouangalia ndivyo unavyocheza.

Ule ugonjwa aliouona kwenye simu upo kweli. Mwanasayansi Stephen Hawking wa Uingereza aliambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, na ndiyo maana jina lake humjia kila kijana anayetafuta. Lakini yeye alikuwa wa ajabu kwa umri huo. Ugonjwa huo ni nadra, na wengi wanaoupata wamepita miaka 50. Tena hauanzi kwa ganzi, na kinachouonyesha ni nguvu kupungua na msuli kukonda, kucheza peke yake hakutoshi. Kijana anayebeba ndoo, anayefungua kifuniko cha chupa, anayesimama kwa vidole vya miguu sawa na mwezi uliopita, huku msuli wake unacheza, apunguze vile vinywaji, alale, na mwangalieni kwa mwezi mmoja. Nguvu zikipungua, aonwe na daktari. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete na ile ya Nkinga, Igunga, ni mahali pa kuanzia, na wao ndio watakaoamua kama aende Bugando au Muhimbili.

Siku ya kwenda

Andika kwenye karatasi tarehe ilipoanza, hata kwa kukisia ("kabla ya kupandikiza tumbaku"), vidole vyenye ganzi, kama inakuja na kuondoka au inakaa, na kazi alizofanya mwezi ule. Beba vifungashio vya dawa zote anazomeza, hata zile za mitishamba. Omba apimwe sukari na, kama atakubali, Virusi vya UKIMWI. Uamuzi huo ni wake, ni mtu mzima, na chumba cha mganga aingie peke yake akitaka.

Mpaka apone, mkono wenye ganzi usipashwe moto kwa maji ya moto, jiwe wala mkaa. Hauwezi kumwambia kwamba unaungua. Asichanjwe chale kwa wembe uliotumika, kwa sababu anaweza kutoka na homa ya ini juu ya ganzi aliyokwenda nayo. Kila jioni atazame viganja vyake kwenye mwanga, aoshe, apake mafuta, na apikapo ashike sufuria kwa kitambaa.

Na akikutwa na ukoma, wote mnaolala nyumba ile mpimwe ngozi, wewe ukiwa wa kwanza, ili wadogo zake wasiogope. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza walio karibu na mgonjwa, wasio na dalili, wapewe dozi moja tu ya rifampisini ya kinga, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizoijaribu. Muulize mratibu wa wilaya kama inatolewa kwenu. Anayeonekana na baka, hata mtoto wa darasa la pili, anaanza tiba kabla kidole hakijafa.